Mwenzangu ananizidi nguvu milimani: kilomita 110 tutazimalizaje pamoja?

KiatuKimoja ameuliza:

Wakuu habari zenu. Mimi huwa nasoma tu humu bila kuandika, leo imebidi.

Mimi na rafiki yangu tumepanga kuzunguka njia moja ya milimani kwa baiskeli, kwa siku moja. Ni kilomita 110, na ukijumlisha vilima vyote unapanda mita 2,800. Karibu nusu ni barabara ya changarawe ya magari ya misitu, iliyobaki ni vijia vyembamba vya mizizi na mawe, na kuna vipande ambavyo kila aliyepita anasema utashuka tu, usukume. Kilima kikubwa kinaanzia kilomita ya 38, kinapanda mita 1,300 ndani ya kilomita 24. Maji ya uhakika yako sehemu moja tu, kwenye kituo cha walinzi wa msitu kilomita ya 62, yaani ukishamaliza kilima hicho.

Sasa shida. Huyu rafiki yangu ana miguu. Kwenye tambarare tunakwenda sambamba, tunapiga soga. Kilima kikianza, baada ya kona mbili simwoni tena. Yeye anasema tutamaliza kwa masaa 8, kwa hiyo tuondoke saa moja asubuhi. Giza linaingia kama saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa hiyo kwake nafasi ni kubwa mno. Mimi hesabu hiyo hainikai, ila sina hoja ya kumpa zaidi ya kusema mimi ni mzito, na hiyo hoja inaniuma kuitamka.

Naomba ushauri. Kwenye kilima, kila mtu aende mwendo wake tukutane juu, au yeye apunguze? Vifaa tugawane vipi? Na kama nikizidiwa katikati ya msitu, ndiyo inakuwaje?

Baiskeli yangu ni ya inchi 29, springi mbele tu, gia 11 nyuma (kubwa kabisa ina meno 46), mbele meno 32. Yake ni ya inchi 27.5, springi mbele na nyuma, gia 12.

---

Kasi_Tu amejibu:

Ongeza mazoezi, kaka. Miezi mitatu ya vilima viwili kwa wiki na hutakuwa na haja ya kuuliza. Ukishindwa hilo, nenda peke yako au tafuta mzito mwenzako. Safari ya mwenye mbio na asiye na mbio huwa inaishia kwenye kununiana.

Kama lazima muende, mwambie akufunge kamba akuvute. Siyo utani, watu wanafanya.

---

FundiSpoki amejibu:

Nitajibu la vifaa, mengine nawaachia wanaopenda kuongea.

Watu wawili wakisafiri pamoja hudhani wanaweza kubeba begi moja la vipuri. Zana ndiyo, vipuri hapana. Baiskeli zenu hazifanani hata kidogo. Kiungo cha kuunganishia cheni ya gia 12 usikitegemee kwenye cheni ya gia 11, kila mtu abebe chake, viwili kabisa, vina uzito wa kucha. Pedi za breki tazameni umbo, kila aina ya breki ina pedi zake. Na muhimu kuliko vyote, kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma, wengi tunakiita hanga. Kimetengenezwa kipinde au kivunjike ili fremu ipone. Jiwe moja tu la pembeni linatosha. Kila fremu ina hanga yake, na ya rafiki yako haitaingia kwenye yako hata uiombe. Kaagizeni mapema, kila mtu ya kwake.

Tyubu ndiyo mnaweza kusaidiana kwa dharura: ya 27.5 inavutika na kuingia kwenye tairi la 29. Kinyume chake inakunjamana ndani, siipendi. Angalieni pia valvu: kama mmoja ana nyembamba na mwingine ana nene ya gari, pampu iwe inakubali zote mbili. Kama tairi zenu hazina tyubu, ongezeni majimaji ya kuziba wiki ya safari, maana hukauka yenyewe ndani bila kukuaga. Bado mbebe tyubu. Tairi likichanika ubavuni majimaji hayazuii kitu, unaweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, unatia tyubu, unakwenda nyumbani polepole.

Msifunge pedi mpya asubuhi ya safari. Pedi mpya zinahitaji kukazwa na kuachiwa mara nyingi kwenye mteremko mdogo ndipo zishike vizuri.

La mwisho ni la kwako wewe. Meno 32 mbele na 46 nyuma ni gia ya miguu ya rafiki yako, siyo ya miguu yako. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, ukienda kilomita 4 kwa saa, utakuwa unazungusha pedali mara 42 kwa dakika. Huko ni kusukuma kwa magoti. Weka sahani ya meno 28 mbele, mwendo ule ule unazungusha mara 48. Usiwasikilize wanaosema gia ndogo ni za wazee. Ukibadilisha, kumbuka cheni inaweza kuhitaji kupunguzwa pingili.

---

MamaGiaNdogo amejibu:

Mdogo wangu KiatuKimoja, mimi ndiye wa nyuma. Naendesha na mume wangu, na tangu tuanze, kilima kikifika ninamwona kisogo, kisha simwoni kabisa. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa upande wako. Wanaosubiri juu huku wanapiga picha watakuandikia wenyewe.

Tuanze na hayo masaa 8. Rafiki yako hajakosea hesabu, ila amehesabu miguu yake. Milimani kilomita zinadanganya, hesabu mita za kupanda kwa saa. Mtu mwenye nguvu kama unavyomweleza anaweza kupanda mita 600 kwa saa kwenye barabara mbovu, na mita 2,800 zitamchukua masaa 4 na dakika 40. Mpandaji wa kawaida, kwa mwendo anaoweza kuushika mchana kutwa, atapanda kama mita 400. Hayo ni masaa 7 ya kupanda peke yake. Ongeza masaa 3 ya miteremko na tambarare, ongeza saa moja na nusu ya kula, kujaza maji, pancha moja na kubishana kuhusu njia. Umefika masaa 11 na nusu. Mkiondoka saa moja asubuhi mtaingia saa kumi na mbili na nusu jioni, giza nalo linaingia, na hiyo ni siku ambayo hakuna kilichovunjika wala aliyeanguka. Mpelekee karatasi hiyo. Neno "mzito" huna haja ya kulitamka.

Ila kabla ya kumpelekea, pata namba yako mwenyewe, usichukue yangu. Tafuta kilima kirefu, beba mzigo kamili wa safari, panda masaa mawili kwa mwendo ambao bado unaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Angalia umepanda mita ngapi saa ya kwanza na ngapi saa ya pili. Namba ya kupangia safari ni ya saa ya pili. Ya kwanza ni ya kujisifia. Na yeye apime yake siku hiyo hiyo.

Sasa kilima chenyewe, cha mita 1,300. Kwa mita 600 kwa saa yeye atafika juu baada ya masaa 2 na dakika 10. Wewe kwa 400 utatumia masaa 3 na robo. Pengo ni dakika 65. Mkikubaliana "tukutane juu", fikiria kinachotokea huko. Hewa hupoa kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo juu pana baridi kuliko mlikoanzia kwa nyuzi 8 hivi, kuna upepo, na fulana yake imelowa jasho. Baada ya robo saa anaanza kutetemeka. Baada ya nusu saa amekula kila kitu na amechoka kusubiri. Wewe unatokea, unahema, na neno la kwanza unalosikia ni "twende, naganda." Aliyekuwa na nguvu amepumzika saa nzima, aliyechoka hakupumzika hata dakika moja. Halafu kilima kinachofuata jambo hilo hilo. Ukiona watu wawili wamerudi hawasemeshani, mara nyingi chanzo ni hiki, na wala si mbio.

Kwetu nyumbani kuna sheria ambayo sikuiachia mume wangu nafasi ya kuijadili: mapumziko huanza kuhesabiwa wa mwisho akishakaa chini. Kama ni dakika 10, ni dakika 10 zangu. Kama yeye anaganda, avae koti, ndiyo maana alilibeba.

Na msikutane juu. Kutaneni kila mita 200 za kupanda, na kwenye kila njia panda bila kujali iko wapi. Njia panda ndipo watu wanapopoteana: wa mbele anapinda kushoto akiamini wa nyuma ataona, wa nyuma anakwenda moja kwa moja, na msituni simu haina mtandao. Kuna mashindano yanaitwa Cape Epic, Afrika Kusini, yalianza mwaka 2004, siku 8, timu ni ya watu wawili. Kanuni yao ni kwamba wawili hao wasiachane zaidi ya dakika 2, wakizidisha wanaadhibiwa kwa muda. Pale kuna mabingwa wa dunia, na mwenye nguvu bado analazimika kumtazama mwenzake. Kwa hiyo rafiki yako asione kama anashushwa hadhi.

Anayeona mwendo wako ni mdogo mno hadi anachoka kwa kuusubiri (wapo, mume wangu mmojawapo), dawa ni hii: apande hadi kona inayofuata, ageuke, ateremke akufuate, mpande tena wote. Yeye anapata mazoezi yake, wewe una mtu karibu. Kwenye vipande ambavyo mnaendesha pamoja, wewe ukae mbele. Wa nyuma siku zote anafukuza, na anayefukuza anajimaliza bila kujua.

Mzigo. Hapa ndipo watu wanapogawana nusu kwa nusu wakidhani ni haki. Chukua mfano: kila mmoja wenu na baiskeli na mzigo ni kilo 90. Hamishia kilo 4 kwake: maji lita mbili, zana zote, pampu, kisanduku cha huduma ya kwanza. Wewe unabaki na 86, yeye 94. Kwa nguvu zile zile wewe unatoka mita 400 kwa saa hadi kama 419, yeye anashuka hadi 574. Kwenye kile kilima chenu wewe unatumia masaa 3 na dakika 6, yeye masaa 2 na dakika 16. Pengo limetoka dakika 65 hadi 50. Robo saa imefutwa kwa kuhamisha chupa tu, bila mazoezi ya miezi mitatu ya Kasi_Tu. Ila vitu vya kukuokoa wewe mwenyewe ubaki navyo: maji ya kunywa, chakula, koti, tyubu, taa, filimbi. Mzigo wote ukiwa kwake na yeye yuko mbele kilomita mbili, wewe ni mtu uliyevaa kaptura msituni.

Kula. Mtu na vitu vya kilo 90, kupandisha mita 2,800 ni kazi ya karibu kilojuli 2,470, na kwa jinsi misuli inavyopoteza nguvu nyingi kama joto, hiyo inakugharimu takriban kalori 2,500 za chakula. Hapo bado hatujahesabu tambarare, mawe na kusukuma. Akiba ya wanga mwilini ni kama kalori 2,000. Kwa hiyo usisubiri njaa. Gramu 60 za wanga kwa saa, kuanzia saa ya kwanza wakati bado huna hamu. Ndizi mbili za wastani zinakukaribisha hapo. Weka kengele kwenye simu kama wewe ni msahaulifu. Maji, kunywa kiu inavyokutaka. Kujilazimisha lita juu ya lita bila chumvi nako kunaangusha watu.

Na hapa ndipo mwenzako anapokuwa na thamani kuliko kifaa chochote. Anayeishiwa sukari huwa hajui. Anayejua ni aliye pembeni. Dalili haziko kwenye miguu tu: mtu mwongeaji anakaa kimya, anakosa gia anazozijua, anajibu swali ambalo hukuuliza. Mume wangu huanza kugombana na ramani. Akishaniambia kwamba ramani imekosea, simjibu, namkabidhi chakula na namwangalia akitafuna. Baada ya dakika 15 au 20 ramani inakuwa sahihi. Wekeni makubaliano kabla ya kuondoka: mwenzako akisema "kula", unakula, hoja baadaye. Vile vile kwa kuanguka: aliyegonga kichwa, akawa anarudia swali lile lile, anataka kutapika au hakumbuki alivyoanguka, safari yake imeisha hata kama anasema yuko sawa. Hapo uamuzi unakuwa wa mwenzake.

Mteremko nao usiutishe sana moyo. Unaweza kukuta wewe ndiye hodari, maana nguvu za miguu na utulivu wa kushuka ni vitu viwili. Mimi mume wangu namsubiri chini. Ila kwa baiskeli isiyo na springi nyuma utachoka mikono, kwa hiyo simama kabla vidole havijafa ganzi. Acheni nafasi kati yenu, vumbi la aliye mbele linaficha mawe.

Umeuliza, ukizidiwa inakuwaje? Swali hilo lijibiwe leo mkiwa mmekaa kwenye viti. Chagueni sehemu na saa: tusipofika hapa kabla ya saa fulani, tunageuza, na hakuna wa kupiga kura. Hata mashindano makubwa hayaachi jambo hili kwenye hisia. Leadville Trail 100 kule Colorado, kilomita mia na sitini na zaidi kwenye miinuko mirefu, kuna ukomo wa muda, na kuna vituo njiani ambavyo ukichelewa unatolewa. Juu ya kilima mtu aliyechoka na mwenye aibu atasema "naweza" hadi mwisho. Utasema hivyo wewe, nakuhakikishia, kwa sababu hutaki kuwa ndiye uliyeharibu. Saa ndiyo iseme badala yako.

---

Kasi_Tu amejibu:

Mama umeandika kitabu, nimekisoma chote. Ile ya kilo 4 sikuwahi kuipigia hesabu.

Lakini kamba mmeiruka. Tyubu kuukuu ya baiskeli, upande mmoja kwenye nguzo ya kiti cha wa mbele, upande mwingine wa nyuma anaupachika shingoni mwa usukani wake. Inavutika, haikati ghafla. Mimi nimemvuta mdogo wangu hivyo kwenye changarawe kilima kizima.

---

MamaGiaNdogo amejibu:

Kasi_Tu, kamba siipingi. Kwa pengo kubwa kama lao ni msaada wa kweli, na tyubu kuukuu wanayo tayari. Ila iwe kwenye barabara pana, kupanda au tambarare tu, na upande wa nyuma uwe wa kuachia mara moja, usiofungwa fundo. Kwenye kijia cha mizizi wa mbele akisimama, wa nyuma yuko mgongoni mwake. Mteremkoni kabisa usifikirie.

Na waanze nayo mapema, chini ya kilima. Watu huitoa mfukoni mtu akishakufa. Ukimvuta aliyekwisha hupati kitu, unavuta gunia. Ukimvuta ambaye bado ana nguvu, mnafika juu wote mna nguvu.

Mkono mgongoni pia unasaidia kwenye barabara pana, kwa wanaojua kuendesha kwa mkono mmoja.

---

FundiSpoki amejibu:

Nguzo ya kiti inayopanda na kushuka kwa kitufe msiifunge kamba kwenye sehemu ya juu inayong'aa. Mnaikwaruza, inaanza kuvuja. Fungeni kwenye reli za kiti. Ya rafiki yako nadhani ni ya aina hiyo.

---

KiatuKimoja amerudi:

Wakuu asanteni, na Mama shikamoo kabisa. Nimerudi na namba.

Tumepima. Mimi na mzigo, saa ya kwanza mita 410, ya pili 370. Yeye 620 na 600, na mwishoni alikuwa anaimba. Nilimwonyesha hesabu usiku ule kwenye meza, kwa kalamu. Alikaa kimya kidogo, akachukua kalamu, akarudia mwenyewe, akapata jibu lile lile. Kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia zamani, kwamba yeye alidhani huwa nabaki nyuma kwa kupenda kuangalia ndege.

Kwa hiyo: tunaondoka saa kumi na moja alfajiri tukiwa na taa. Yeye anabeba zana, pampu na maji ya ziada. Tunakutana kila mita 200. Sahani ya meno 28 nimeshafunga, cheni imepunguzwa, na kweli magoti yameacha kulalamika. Kamba ameikubali upesi kuliko nilivyotegemea, nadhani anataka kuijaribu tu.

Saa ya kugeuza tumeweka: tusipofika kwenye maji, kilomita ya 62, kabla ya saa sita mchana, tunarudi tulikotoka. Mnaionaje?

---

MamaGiaNdogo amejibu:

Marahaba. Taarifa njema hizo, na ndege nimewacheka peke yangu hapa.

Saa ya kugeuza haijakaa vizuri, tena kwa mambo mawili. Kwanza namba. Kabla ya kile kilima kikubwa mna mita ngapi za kupanda, na baada yake ngapi?

---

KiatuKimoja amejibu:

Kabla ni kama 600, baada ni kama 900.

---

MamaGiaNdogo amejibu:

Basi tazama. Kwa mita 370 kwa saa, zile 600 za mwanzo ni kama saa moja na dakika 40, pamoja na saa moja na nusu ya tambarare na miteremko. Kilima, masaa 3 na nusu. Weka nusu saa ya kusimama. Mkiondoka saa kumi na moja mtafika kwenye maji saa sita na dakika 10 hivi, kila kitu kikienda sawa. Kwa hiyo mmejiwekea saa ambayo itawageuza hata siku njema. Kutoka pale mbele mna mita 900, karibu masaa 2 na nusu, mteremko na tambarare saa moja na dakika 40, nusu saa ya kusimama. Jumla masaa 4 na dakika 40. Mkiondoka kwenye maji saa saba kamili mtafika saa kumi na moja na dakika 40. Bado mna dakika 50 za mwanga kwa ajili ya pancha. Saa saba ndiyo iwe ukomo.

Pili, mahali. Mkigeuza kilomita ya 62 mnarudi kilomita 62, na mbele zilibaki 48. Mtu aliyechoka atazitazama namba hizo na kusema "bora tuendelee", na hatakuwa mjinga kusema hivyo. Ukomo wa kweli uweke chini ya kilima, kilomita ya 38, kabla hamjaanza kupanda. Kutoka hapo hadi kwenye maji mnahitaji masaa 3 na nusu pamoja na robo ya kupumzika, kwa hiyo mkiwa bado hamjafika kilomita ya 38 saa tatu na robo asubuhi, geuzeni hapo hapo. Mtakuwa wazima, jua bado liko juu, na kilima hakihami.

Kwenye maji saa saba iwe ya kuamua jambo jingine: mkichelewa hapo, mnawaomba walinzi wa msitu ruhusa na maelezo ya kushuka kwa barabara ya magari. Waulizeni kabla ya siku hiyo kama ipo, inatokea wapi, na nani atawafuata huko. Andikeni pia saa hizi mbili kwenye karatasi na mwachieni mtu nyumbani, pamoja na saa ya kuanza kuwatafuta.

Taa zote mbili zichajiwe upya, msitegemee kwamba mtazitumia alfajiri tu.

---

KiatuKimoja amejibu:

Nimenakili vyote. Barabara ya magari ipo, inatokea upande wa pili wa mlima, shemeji yangu atakuwa na gari siku hiyo. Nitampa karatasi.

---

FundiSpoki amejibu:

Hanga mmepata?

---

KiatuKimoja amejibu:

Yangu ninayo. Ya rafiki bado haijafika.

---

FundiSpoki amejibu:

Basi tarehe yenu bado haijafika pia. Msubiri.

---

Kasi_Tu amejibu:

Au abebe kifupisha cheni, hanga ikivunjika aifupishe cheni iwe gia moja asukumie nayo nyumbani.

---

FundiSpoki amejibu:

Ana springi nyuma, huyo. Cheni inakaza na kulegea kila gurudumu likipanda na kushuka. Ataifupisha mara tatu njiani na bado itaruka. Kifupisha cheni abebe, ndiyo, kiko kwenye zana. Hanga aisubiri.

---

KiatuKimoja amejibu:

Sawa fundi, tumesogeza wiki mbili. Rafiki amenuna kidogo, ila nimemwambia tutapima tena kilima wakati tunasubiri, akachangamka.